Lubumbashi: Herufi za brashi zilizobeba historia ya Kongo

Mjini Lubumbashi, jimbo la Haut-Katanga, majina ya maduka na saluni bado yanaandikwa ukutani kwa brashi, ingawa mabango ya mashine yanazidi kuongezeka. Brashi hiyohiyo iliwahi kuandika historia ya nchi.

Kati ya mwaka 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alichora picha 101 za historia ya Zaire, nyingi juu ya vitambaa vya mifuko ya unga. Mnunuzi alikuwa Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha kwenye chuo kikuu mjini hapa.

Ndani ya picha, Tshibumba aliandika kwa mkono majina, tarehe na mahali, kwa Kifaransa. Tahajia haikuwa ya shule kila mara, lakini bila maneno hayo askari mmoja anafanana na mwingine. Maelezo marefu aliyatoa kwa Kiswahili cha Katanga. Yalirekodiwa, kisha yakaingia katika kitabu mwaka 1996.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tshibumba hajulikani alipo. Picha zake hizo zimehifadhiwa Amsterdam, Uholanzi. Mkaaji wa Katuba akitaka kuzisoma kwa macho yake, lazima apande ndege.