Wanubi: Watu Waliozaliwa na Lugha

Wanubi wa Kenya na Uganda si Wanubia wa Aswan na kaskazini mwa Sudan, ingawa jina limewachanganya wengi, na maafisa wa serikali wamo. Wanubia wa kandokando ya Naili wana lugha zao za kale, ambazo asili yake si Kiarabu. Wanubi wetu wanasema Kinubi, na Kinubi kimechota sehemu kubwa ya maneno yake katika Kiarabu cha Sudan. Damu yao nayo imetoka kila upande: Wabari, Wakakwa, Wamadi, Walugbara, Wadinka, Wamakaraka, na baadaye Wanyoro, Waganda na wengineo walioolewa humo. Hawana babu mmoja wa kumtaja, wala mlima au mto wanaosema walishukia hapo. Kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki watu walikuwapo kwanza, na lugha ikawa yao. Hapa lugha ilitangulia.

Kinubi kilizaliwa katika kambi za kijeshi za Sudan Kusini, karne ya 19. Huko vijana wa makabila mbalimbali walitekwa au kuandikishwa katika jeshi la Misri, wakawa chini ya makamanda waliotoa amri kwa Kiarabu. Askari hakuhitaji Kiarabu cha msikitini. Alihitaji kuelewa amri, kununua mtama na kuelewana na mwenzake wa hema la jirani. Waasi wa Mahdi, waliopinga utawala wa Misri, walipoiteka Khartoum mwaka 1885, askari wa jimbo la Ekwatoria, waliokuwa chini ya Emin Pasha, Mjerumani, walikatiwa njia ya kurudi kaskazini. Emin aliondoka na Stanley, mpelelezi aliyekuja kumwokoa, wakafika Bagamoyo mwishoni mwa 1889. Wengi wa askari wake walibaki nyuma karibu na Ziwa Albert, na huko ndiko Lugard, ofisa Mwingereza, alikowakuta mwaka 1891, wakiongozwa na Selim Bey. Akawachukua kwenda kulinda maslahi ya Waingereza Uganda. Hawakwenda peke yao. Walifuatana na msafara mkubwa wa wake, watoto, watumwa na watumishi, na ninavyoona mimi, kabila liliumbika zaidi katika msafara huo kuliko katika safu za askari.

Yule mwanamke Mmadi aliyeolewa na Mdinka, jirani yake Mnyoro aliyeolewa na Mbari, wangezungumza nini kisimani? Walikuwa na lugha moja tu ya pamoja, nayo ilikuwa ya waume zao, tena waume wenyewe walijifunza ukubwani. Watoto wao ndio wa kwanza kuisikia tangu siku ya kuzaliwa, na mikononi mwao ikatulia, ikapata kanuni zake. Ilikuwa imekwisha kuacha sauti nzito za kooni za Kiarabu, pamoja na tofauti ya kike na kiume. Kitenzi cha Kiarabu hubadilika mbele na nyuma kufuata mtendaji. Cha Kinubi kimesimama palepale, na wakati unaonyeshwa na kijineno kinachotangulia. *Ana gi akulu*, nakula. *Ana bi akulu*, nitakula. Mwarabu wa Cairo akisikia hudhani ni Kiarabu kilichovunjika. Akae jikoni kwa Wanubi wa Kibra, Nairobi, siku nzima ndipo atajua kwamba hakielewi.

Karibu na lugha hiyo zikaota desturi. Dini ni Uislamu, na msikiti wa Makina, huko Kibra, bado ni moyo wa mtaa. Harusini hupigwa doluka, ngoma ya wanawake, na waimbaji hutunga papo hapo: wanamsifu bibi harusi, wanawatia wakwe mafumbo, wanamsema jirani aliyekosa adabu, yote kwa Kinubi. Mgeni asiyejua lugha atacheza, lakini hatajua anachekwa nani. Wanawake hufuma tabaga, zile kawa pana za rangi kali za kufunikia sinia, na hujifunga gurbaba iliyotariziwa. Zama za ukoloni baadhi yao walikuwa mashuhuri Nairobi kwa kukeneka pombe kali, jambo lililowaudhi wakubwa wa jiji na kuwalisha watoto wengi wa maaskari waliostaafu. Wazee wa leo hawalipendi sana simulizi hilo. Mimi naliheshimu.

Kwa kuwa Unubi haukutegemea nasaba, mtu aliweza kuuingia. Ukisilimu, ukaoa au kuolewa humo, ukavaa na kula kama wao na kukisema Kinubi bila kigugumizi, basi kizazi kimoja kilitosha. Uganda ya Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa, iliufanya mlango huo kuwa njia ya kupandia cheo, na wengi wakajiita Wanubi. Amin alipoangushwa mwaka 1979 mlango ulifanya kazi upande wa pili. Wanubi wengi walikimbilia Sudan, Zaire na Kenya, na kwa waliobaki, kusikika unasema Kinubi sokoni kulitosha kukutia mashakani. Hata hivyo, katiba ya Uganda ya 1995 iliwaorodhesha Wanubi miongoni mwa jamii za asili za nchi hiyo.

Kenya ilikwenda kwa mwendo wa kobe. Waingereza waliwaweka askari wastaafu wa Kinubi wa KAR, jeshi lao la kikoloni, katika msitu ulio pembeni mwa Nairobi, ambao askari wenyewe waliuita Kibra, na mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Hatimiliki hawakupewa. Kila kabila lilitengewa ardhi yake, na hawa, kwa hesabu ya wakoloni, hawakuwa kabila. Serikali ya uhuru ilirithi hesabu hiyo bila kuihakiki. Kijana wa Kinubi aliyetimiza miaka 18 na kutaka kitambulisho alifikishwa mbele ya kamati ya uchunguzi, akatakiwa kuleta nyaraka za babu na bibi. Ufasaha wake katika Kinubi, ambao kwa watu wake ndio uthibitisho wenyewe, pale mezani haukuwa na fomu ya kujazwa. Sensa ya 2009 ndiyo ya kwanza kuwahesabu kwa jina lao. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto ikaamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi katika suala la uraia, na mwaka 2017 jamii ikakabidhiwa hati ya ekari 288. Linganisha na zile 4,197.

Watoto wa Makina leo wamekulia kati ya Wajaluo, Waluhya na Wakamba, na barazani wanapiga Sheng kama wenzao. Wapo wanaolia kwamba Kinubi kinakufa. Huenda, ila kilio hicho kinasahau kwamba lugha hii haijawahi kukaa mahali pasipo na lugha nyingine.

Kinachonishughulisha zaidi kiko mbali na Nairobi. Tangu vita vya Sudan Kusini vya 2013 na 2016, wakimbizi kwa malaki wamevuka kuingia kaskazini-magharibi mwa Uganda, na wengi wao wanasema Kiarabu cha Juba, ndugu wa karibu kabisa wa Kinubi. Mnubi wa Arua na mkimbizi wa Juba wanaelewana bila mkalimani, baada ya zaidi ya miaka 100 ya kutengana. Lakini muulize mkimbizi yeye ni nani, atakwambia Mbari, au Mkuku, au Mmundari. Kwake lugha hiyo ni ya soko na ya mji. Kabila lake liko kwingine, lina ardhi na ukoo. Mnubi hakuwa na pengine pa kurudi alipoondoka kambini, kwa hiyo dini, mapishi, ngoma na jina lake mwenyewe vyote vikabidi viingie ndani ya maneno yaleyale ambayo kwa ndugu yake wa Juba yalibaki ya kununulia chumvi.