Filme za Irlande, na ile moja ya Likasi

Kwetu mu Likasi, ukisema « Irlande » mbele ya wazee, wanakumbuka jambo moja: askari wa ONU wa mwaka 1961. Kwa hiyo, siku filme The Siege of Jadotville ilitufikia, tuliita majirani, tukapanga viti mu saloni, tukawatoa batoto inje na makelele yao. Jadotville njo jina la zamani la mji wetu. Filme ilitoka mwaka 2016. Richie Smyth aliiongoza, na Jamie Dornan anacheza kamanda Pat Quinlan.

Habari yenyewe ni ya kweli. Mwezi wa Septemba 1961, Wairlande zaidi ya 150 walizungukwa hapa na majandarme wa Katanga pamoja na mamluki wazungu. Walipigana siku 5. Wenzao waliotumwa kuwasaidia walikwama ku daraja la Lufira. Maji yakaisha, risasi zikaisha, wakainua mikono. Hata mmoja wao hakufa. Lakini waliporudi kwao, fasi ya kushukuriwa walikuta bantu wanawanyamazia, sawa vile waoga. Quinlan alikufa mwaka 1997 jina lake bado halijasafishwa. Heshima ya serikali na medali zilikuja 2016 na 2017. Hapo filme ilitushika kabisa. Muntu anafanya kazi vile alitumwa, mpaka nguvu inaisha, halafu wakubwa waliomtuma wanamwonea haya. Mwenye kushuka mu mugodi hana haja ya kuelezwa jambo hilo.

Sasa, kati ya wageni wetu kulikuwa muzee mmoja, mustaafu wa kiwanda, aliyekuwa mutoto ule mwaka wa vita. Aliangalia nusu saa, akauliza: « Shituru iko wapi? Panda iko wapi? Ile milima haiko ya kwetu! » Alisema kweli, filme ilipigwa Afrika ya Kusini. Tulicheka. Kisha hatukucheka tena, juu muzee alianza kuhesabu majandarme wenye kuanguka. Wanatoka mu majani, wanakimbia, wanaanguka, wengine wanakuja nyuma yao, nao wanaanguka. Hakuna mwenye jina. « Bale nabo balikuwaka batoto ya bantu, » akasema. Sisi tuliokuwa tunapigia Wairlande makofi, tukaweka mikono chini.

Hatusemi filme ni mbaya. Wairlande walitengeneza habari ya batoto yao, ni haki yao. Lakini mji wenyewe, kazi yake, wamama wenye kutafuta maji wakati risasi inalia, hatukuwaona.

Jumapili iliyofuata, mke wa muzee aliomba filme ya Irlande isiyo na bunduki. Tukaweka My Left Foot, ya Jim Sheridan, ya mwaka 1989. Ni maisha ya Christy Brown wa Dublin, mutoto wa fundi wa matofali, mwenye mwili uliokataa kumtii isipokuwa mguu wa kushoto. Kwa mguu ule aliandika, akachora. Daniel Day-Lewis na Brenda Fricker, anayecheza mama yake, wote wawili walipata Oscar.

Ilipofika pale baba anapoteza kazi na nyumba nzima inakula uji, wamama walianza kusemesha televizyo. Huyu mama wa Christy anaficha feza kidogo-kidogo juu ya kununua kiti cha magurudumu, hata wakati chakula kimekuwa shida! Wengine walisema ana akili, wengine walisema roho yake ni nguvu mno. Filme ile haina Katanga hata kidogo, lakini tuliona mule miezi yetu ya kungojea mushahara, na hakuna aliyeuliza milima iko wapi.

Muzee hakusema kitu mpaka mwisho. Alipokamata fimbo yake ya kwenda, aliomba tumurudishie kipande kimoja, pale Christy anasaidia batoto kuangusha makaa ya mawe kutoka ku gari. Tukakirudisha mara mbili.