JUMA MOJA KATIKA IDARA YA KEMIA, NA FAIDA YAKE KWA WATU WA KIBWEZI

Mkulima wa Kibwezi akilitazama gunia la mahindi hujua mengi. Huona kama yametobolewa na wadudu, hutambua kwa kuuma punje moja kama yamekauka, na akinusa hujua kama yameanza kuvunda. Lakini liko jambo moja ambalo hawezi kulijua kwa macho, wala kwa meno, wala kwa pua, nalo ndilo lililoua watu wengi wa nchi hii mwaka 2004.

Mwaka ule mvua ilinyesha si kwa majira yake, mwezi wa Februari, wakati mahindi yakivunwa. Watu wengi waliyaingiza nyumbani yakiwa bado na unyevu, wakayaweka ndani ya nyumba badala ya ghalani. Kufikia Aprili, hospitali za Makueni na Kitui zilikuwa zikipokea wagonjwa wenye macho ya manjano na ini lililoharibika. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya ini iletwayo na virusi. Lakini damu ilipopimwa, virusi hivyo havikuonekana. Ndipo mahindi yenyewe yalipopelekwa maabara, na jibu likapatikana. Hadi Julai wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikufa.

Msiba huo haukuwa wa kwanza. Mwaka 1981, katika Wilaya ya Machakos, ambayo siku hizo ilikuwa pamoja na Makueni, watu 20 waliugua kwa sumu hiyo hiyo na 12 wakafa. Wala haukuwa wa mwisho, kwa kuwa mwaka 2005 na 2006 wagonjwa wengine walionekana.

Kwa hiyo leo twataka kumweleza msomaji habari za nyumba ambamo majibu ya namna hiyo hutafutwa, yaani idara ya kemia ya chuo kikuu: ni kazi gani zifanywazo humo juma zima, na ni nafasi gani ziwangojeazo vijana wetu.

SUMU NDOGO KULIKO CHEMBE YA SUKARI

Sumu hiyo yaitwa aflatoksini. Hutokana na kuvu ambayo huishi udongoni, ikashika mahindi na karanga, hasa wakati mmea umechoshwa na ukame, au nafaka ikiwekwa na unyevu. Ilijulikana kwanza Uingereza mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa baada ya kulishwa chakula chenye unga wa karanga zilizotoka Brazil.

Mwaka 2004 kiwango kilichoruhusiwa katika Kenya kilikuwa sehemu 20 katika sehemu bilioni moja; baadaye kikapunguzwa kuwa 10. Hesabu hiyo si rahisi kuiona akilini, basi tuipime kwa gunia. Gunia la kilo 90 lenye sehemu 20 lina sumu ya miligramu 1.8 tu, uzito wa chembe tatu au nne hivi za sukari, zilizotawanyika katika gunia zima. Mahindi mabaya kuliko yote yaliyopimwa mwanzoni mwa msiba wa 2004 yalikuwa na sehemu 4,400. Hata hapo, sumu iliyomo katika gunia zima haifiki nusu gramu. Mtu gani ataweza kuiona kwa macho?

Wala moto wa jikoni hautoshi kuiangamiza. Maji huchemka kwa joto la digrii 100, na sumu hii huhimili joto kubwa zaidi ya hilo. Ugali ukisongwa vizuri namna gani, sumu nyingi hubaki.

MWANZO WA JUMA HADI MWISHO WAKE

Mtu akitoka Kibwezi kwa barabara ya Mombasa, atasafiri kama kilomita 200 hivi kufika Nairobi. Huko Chiromo ndiko iliko idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Chuo hicho kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1956 kikiwa Royal Technical College. Mwaka 1961 kikawa chuo cha daraja la chuo kikuu chenye uhusiano na London, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku za kazi hutofautiana chuo na chuo, lakini mwendo wa juma katika idara ya kemia hufanana.

Asubuhi ni za mihadhara. Mwanafunzi huketi na wenziwe wengi, akafundishwa jinsi vitu vilivyoundwa, kwa nini chuma hushika kutu, kwa nini mbolea ya chumvichumvi huyeyuka upesi na samadi huchelewa, na kwa nini maji ya kisima kimoja ni matamu na ya kisima cha jirani yana chumvi.

Alasiri ni za maabara. Hapo mwanafunzi huvaa koti jeupe na miwani ya kukinga macho, hupima kwa mizani inayotambua uzito wa unywele, na huandika kila jambo katika daftari siku ile ile. Ni mwiko kuandika tarakimu aliyoitamani badala ya aliyoiona. Karani yeyote aliyepata kufunga hesabu jioni ataielewa sheria hiyo.

Jinsi mahindi yapimwavyo ni hivi. Kwanza hutwaliwa punje kutoka sehemu nyingi za gunia, juu, katikati na chini, kwa sababu punje chache zilizooza zaweza kuwa pembe moja tu, na mpimaji asiyezigusa atatoa habari ya uongo bila kukusudia. Punje husagwa zikachanganywa vizuri. Unga hutiwa katika methanoli na maji, ukatikiswa ili sumu itoke katika unga iingie katika maji hayo, kisha huchujwa. Tone la maji hayo hudondoshwa juu ya kigae kilichopakwa unga mweupe, na kigae husimamishwa katika dawa ya maji. Dawa hupanda polepole kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi, na kila kitu kilichomo katika tone hupanda kwa mwendo wake, hata vikatengana. Mwisho kigae huwekwa gizani chini ya taa ya mwanga wa urujuanimno. Hapo sumu, ambayo haikuonekana kwa macho, hung'aa. Ile mbaya kuliko zote hung'aa kwa rangi ya buluu, na ndugu yake kwa rangi ya kijani. Siku hizi ziko mashine zifanyazo kazi hiyo kwa upesi na uhakika zaidi, lakini njia ya kigae ingali ikifundishwa, maana humwonyesha mwanafunzi kwa macho yake jambo lenyewe.

Mara moja katika juma, kwa desturi ya vyuo, hukusanyika baraza la wasomi liitwalo semina. Mwanafunzi wa shahada ya juu husimama mbele ya walimu na wenziwe akaeleza utafiti wake. Kisha huulizwa: Umejuaje? Umerudia mara ngapi? Kama umekosea, ungetambuaje? Maswali hayo hayaulizwi kwa uadui. Mtu aliyezoea kuulizwa hivyo ndiye wa kuaminiwa siku atakaposema, "Mahindi haya yasiliwe."

SWALI LA MUTHOKOI

Wako wazazi wasemao kwamba elimu ya namna hii ni ya watu wa mjini. Tuwape mfano wa chakula chao wenyewe.

Kila mtu wa Ukambani ajua muthokoi: mahindi hutwangwa yakatolewa maganda, yakapikwa pamoja na maharagwe au mbaazi. Watafiti wa Kenya waliuliza swali ambalo mgeni asingelifikiri: mahindi yenye sumu yakitolewa maganda, sumu hupungua? Katika taarifa yao iliyochapishwa mwaka 2008 walieleza kwamba ilipungua kwa wastani wa karibu nusu. Lakini haikupungua sawa katika mahindi yote. Mengine yalipoteza kidogo sana. Kwa hiyo muthokoi si dawa ya kusafisha mahindi yaliyooza, na mtu asidanganyike. Hata hivyo kazi ya kinu cha mama zetu imepimwa kwa vyombo vya maabara, ikaonekana kuwa na maana yake.

Msomaji na afikiri: ni nani atakayeuliza swali la pili na la tatu? Mtoto aliyekulia Nairobi au ng'ambo aweza kuwa hodari wa hesabu, lakini hajaona mahindi yakianikwa katika kiwanja cha Kibwezi huku mawingu yakikusanyika juu ya milima ya Chyulu. Aliyeyaona ndiye ajuaye lililo gumu. Maswali ya kwetu ni mengi: chumvi ya visima vyetu, udongo wa volkano, mkonge, ndengu, na miti ambayo wazee hutumia kwa dawa.

NAFASI KWA VIJANA

Kwa kijana wa mtihani wa KCSE, kuingia shahada hutaka alama ya C+ kwa jumla, na kwa kemia hutazamwa pia masomo ya sayansi na hesabu. Wale wa mtaala mpya, ambao wa kwanza wao waliingia darasa la kumi Januari 2026, huchagua njia yao mapema zaidi. Kwa hiyo mzazi asingoje mwaka wa mwisho ndipo aulize.

Si lazima mtu aende mbali. Kitui yenyewe ina Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, huko Kwa Vonza, kilichopewa hati mwaka 2013. Machakos nayo ina chuo kikuu chake. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shamba la utafiti wa nchi kavu papa hapa Kibwezi. Asiyepata alama za shahada aweza kusomea ufundi wa maabara katika vyuo vya ufundi, na maabara haiendi bila mafundi hao.

Karo ni mzigo, twajua. Bodi ya mikopo ya wanafunzi, HELB, iliyoanzishwa mwaka 1995, hukopesha wanaostahili, na mkopo huo hulipwa baada ya masomo. Kwa shahada za juu, shirika la DAAD la Ujerumani ni mojawapo ya yale yanayotoa ufadhili kwa Waafrika. Matangazo ya namna hiyo hubandikwa katika ubao wa idara, nayo huwa na siku ya mwisho. Wengi hukosa nafasi kwa sababu hawakuusoma ubao, ijapokuwa akili walikuwa nayo.

Na baada ya masomo? Mkemia huhitajiwa katika idara ya Mkemia wa Serikali, katika shirika la viwango KEBS, katika viwanda vya saruji, sukari na dawa, katika kampuni za maji, na katika kufundisha. Profesa Raphael Munavu, aliyeteuliwa mwaka 2022 kuongoza jopo la kutazama upya elimu ya Kenya nzima, ni profesa wa kemia.

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

Wakati vijana wakisoma, mkulima ana la kufanya. Mahindi yakauke hadi unyevu usizidi sehemu 13 katika mia. Asiye na mashine afanye hivi: achukue chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, atie vijiko vitatu au vinne vya chumvi kavu, kisha atie mahindi hadi theluthi ya chupa. Aitikise kwa dakika moja, aiache itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu mwingi, yarudishwe juani. Isiposhika, unyevu ni chini ya sehemu 15 katika mia. Bado aanike kidogo, ndipo ayahifadhi.

Akumbuke kwamba chumvi hupima maji wala haipimi sumu. Mahindi yaliyokwisha kushikwa hayaponi kwa kuanikwa. Yaanikwe juu ya turubai, wala si juu ya udongo mtupu. Yawekwe juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta. Na yaliyooza yasipewe kuku wala ng'ombe, kwa kuwa sumu hupita hata katika maziwa. Iko pia Aflasafe, kuvu isiyo na sumu ambayo humwagwa shambani majuma mawili au matatu kabla mahindi hayajachanua, ili ichukue nafasi ya ile mbaya; hutengenezwa Katumani, karibu na Machakos. Afisa wa kilimo ataeleza habari zake.

Wala anunuaye sokoni asijione yuko salama. Mwaka 2004 mahindi na unga wa sokoni vilipopimwa mara 350, zaidi ya nusu ya vipimo vilipita kiwango kilichoruhusiwa. Mkulima na karani hula chungu kimoja.

Basi, jioni ya leo mkulima atafute chupa na chumvi. Na ikiwa nyumbani kwake yuko mtoto aulizaye maswali mengi mpaka watu wakachoka, asimnyamazishe. Huenda yeye ndiye atakayesimama siku moja mbele ya taa ile gizani, aione buluu iking'aa, na kupeleka habari Kibwezi kabla watu hawajala.