Shati la Madiba: jinsi maua yalivyoingia ofisini Johannesburg

Ifikapo Novemba, wakati wakazi wa Ulaya wanatafuta makoti, Johannesburg huwa katika majira ya joto, ambayo huko ndiyo pia majira ya mvua. Jiji hilo liko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi jua huwaka kwelikweli, na alasiri mvua ya radi hushuka kwa ghafla.

Katika msimu huo, mgeni kutoka Nairobi au Kampala, aliyezoea suti nyeusi na tai, hukuta jambo la kumshangaza. Mwanamume mwenye cheo anaweza kuingia kikaoni na shati la maua, limefungwa vifungo hadi shingoni na halikuchomekewa, na hakuna anayemuuliza.

Shati hilo huitwa shati la Madiba, kwa jina la ukoo la Nelson Mandela. Asili yake ina wadai wengi. Mandela alizuru Indonesia Oktoba 1990, na huko batiki ni vazi rasmi. Mei 1994 mbunifu Desré Buirski wa Cape Town alimpelekea zawadi ya shati la hariri, naye akalivaa katika mazoezi ya ufunguzi wa Bunge jipya. Sonwabile Ndamase wa Afrika Kusini na Pathé'O wa Abidjan nao walimshonea.

Askofu Mkuu Desmond Tutu aliwahi kuyakosoa mashati hayo hadharani. Mandela alijibu kwamba ni ajabu kukosolewa na mwanamume avaaye gauni.

Utani huo una uzito wake. Katika miaka ya 1950 Mandela alikuwa wakili mjini Johannesburg, akisifika kwa suti nadhifu. Alipofikishwa gereza la Robben Island mwaka 1964, wafungwa Waafrika walipewa kaptura, kama watoto, ilhali Ahmed Kathrada, mwenye asili ya Kihindi, alipewa suruali ndefu kwa kosa lilelile. Mtu aliyepangiwa hata urefu wa suruali yake hawezi kuhesabiwa kuwa na upuuzi anapojichagulia maua.

Hata hivyo, mlango aliofungua haukuwapokea wote. Julai 2014 wajumbe wa chama cha Economic Freedom Fighters walitolewa katika Bunge la jimbo la Gauteng, lililopo Johannesburg, kwa sababu ya ovaroli zao nyekundu, vazi la vibarua. Nako Kenya, Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya Kiafrika bungeni. Ni uamuzi wa ajabu katika nchi ambayo rais wake mwenyewe amezipenda suti hizo.

Nyumbani hakuna spika, na huko rangi zimekwenda mbali zaidi. Mfano mkubwa ni Wandebele. Baada ya kushindwa vitani mwaka 1883 walitawanywa katika mashamba ya Makaburu kama vibarua, na michoro ya wanawake kwenye kuta za nyumba ikawa alama ya kwamba jamii haijafutika. Esther Mahlangu, aliyezaliwa 1935, aliihamishia michoro hiyo kwenye gari la BMW mwaka 1991. Leo michirizi kama hiyo huonekana kwenye mito ya viti na sahani za sebuleni Johannesburg, mingi ikiwa imechapwa na mashine, bila jina la mama yeyote.

Apendaye kushona chake huenda Fordsburg, katika Oriental Plaza, soko lililojengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kihindi waliofukuzwa Pageview na sheria za ubaguzi. Huko hutafutwa shweshwe, kitambaa cha pamba chenye vinakshi vidogo, kilichopata jina kutokana na Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza wa Lesotho. Kinafaa shati la kazini, na vipande vinavyobaki hushonwa foronya au pazia la jikoni.

Bandia ni nyingi. Wanunuzi wazoefu hugeuza kitambaa kutafuta nembo upande wa nyuma, na wengine hukigusisha ncha ya ulimi, kwani shweshwe halisi ina ladha ya chumvi na ukakamavu wa wanga uliotiwa zamani ili kuihifadhi katika safari ya meli kutoka Uingereza. Ikifuliwa mara ya kwanza wanga hutoka, na kitambaa hulainika.