Rangi zinapofifia baada ya kazi nzito au mazoezi



Kuna jambo linalowatia watu hofu. Mtu amepanda mlima mbio, au amebeba dumu la lita 20 kutoka bombani, au amelima tangu asubuhi siku ya umuganda bila hata kikombe cha uji. Anasimama kupumua, na ghafla rangi zinakufa. Nguo nyekundu inaonekana ya kijivu, majani hayana kijani, pembeni kunaingia giza. Dakika moja au mbili baadaye rangi zinarudi. Akisimulia nyumbani, mmoja anamwambia amerogwa, mwingine anasema macho yameanza kuharibika, na wa tatu anamtuma sokoni kununua dawa ya matone.

Asiinunue. Mara nyingi hali hii si ugonjwa wa macho, na dawa ya matone haiwezi kuitibu. Lakini zipo nyakati chache ambapo rangi kufifia ni dalili ya jambo kubwa, na hapo kuchelewa kunaweza kumgharimu mtu macho yake. Ndiyo sababu ya kuzitofautisha.

Kwa nini rangi zinapotea?

Moyo wa mtu aliyetulia husukuma damu lita 5 hivi kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu unaweza kufikisha lita 20 na zaidi, na sehemu kubwa ya damu hiyo huenda kwenye misuli. Miguu inapokwenda, misuli yake huibana mishipa na kuirudisha damu juu kwenye moyo, kama mtu anayekamua nguo. Ukisimama ghafla, kukamua kunakoma, lakini mishipa ya miguu bado imepanuka. Damu inabaki chini na presha inashuka.

Sasa, jicho ni kama mpira uliojazwa vizuri: ndani yake kuna maji yanayolikaza. Damu inayoingia jichoni lazima ishinde mkazo huo kwanza. Kwa hiyo presha inaposhuka, jicho linakosa damu kabla ya ubongo. Ndiyo maana mtu anasikia, anajibu akiitwa, anajua alipo, lakini haoni rangi. Nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba iitwayo retina, yenye chembe za aina tatu za kutambua rangi. Chembe hizi zinahitaji oksijeni nyingi wakati wote na hazivumilii njaa. Marubani wa ndege za kivita wanaijua sana hali hii: wakikata kona kali damu yao inashukia miguuni, rangi zinageuka kijivu, kisha pembeni kunafunga, kisha giza.

Milima ya Kigali nayo inachangia. Mji uko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, na kila pumzi hapa ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na pwani ya bahari. Aliyetoka Uvira au Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, amepanda karibu mita 800 kufika hapa, na mwili wake unahitaji wiki kadhaa kuzoea. Asione aibu kupumzika. Katika mashindano ya dunia ya baiskeli yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, mbio ndefu ya wanaume ilipita mara nyingi kwenye mpando wa mawe wa Kimihurura, na kati ya waendeshaji zaidi ya 160 walioanza, walimaliza 30 tu. Hao ni watu wanaofanya kazi hiyo kila siku na kula vizuri.

Ufanye nini rangi zikififia?

Kaa chini mara moja. Ukiweza, lala chali na uinue miguu juu ya jiwe, mfuko au dumu. Usijilazimishe kusimama ili watu wasikucheke, maana baada ya rangi kupotea kinachofuata ni kuanguka, na wengi huumizwa na kule kuanguka kuliko hali yenyewe. Kunywa maji kidogo kidogo. Kama hukula, kula. Usipande baiskeli wala pikipiki, wala usivuke barabara, mpaka rangi zirudi zote: asiyeona taa nyekundu ya gari lililo mbele yake kwenye mteremko yuko hatarini, na anawaweka wengine hatarini.

Siku nyingine, usimalize mbio kwa kusimama ghafla. Tembea polepole dakika 5 hadi 10 ili miguu iendelee kuirudisha damu. Anayebeba mzigo naye afanye hivyo hivyo: atue, kisha azungukezunguke kidogo kabla ya kutulia.

Wengine huona kila kitu kimekuwa cha buluu. Hii ni hadithi tofauti, na haina madhara. Ukilala juani umefumba macho baada ya mchezo, mwanga unaopenya kwenye kope ni mwekundu kwa sababu ya damu iliyomo. Chembe zinazopokea wekundu zinachoka, zile za buluu na kijani zinapumzika. Ukifumbua macho, zilizopumzika zinashinda kwa muda mfupi, na dunia nzima inaonekana ya buluu. Ngoja kidogo, itarudi.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Hali ya kawaida hutokea macho yote mawili, haina maumivu, na huisha ndani ya dakika chache ukishakaa au kulala. Ikiwa ni jicho moja tu, au jicho linauma ukiligeuza, au rangi hazijarudi baada ya robo saa, nenda siku hiyo hiyo. Vilevile kama kila unapopata joto, iwe kwa mazoezi, homa au kuoga maji ya moto, rangi za jicho lile lile zinafifia. Daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff alieleza hali hii mwaka 1890: mshipa wa fahamu wa jicho ukishajeruhiwa, joto kidogo tu la mwili linaufanya ushindwe kupeleka habari vizuri. Mwili ukipoa jicho linaona tena, na mgonjwa anadhani amepona. Hajapona.

Kipimo kimoja unaweza kukifanya nyumbani. Chukua kifuniko chekundu cha chupa, simama penye mwanga wa mchana. Funika jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, ukitazame kifuniko, kisha ubadilishe. Kama jicho moja linaona wekundu mkali na lingine linaona wekundu uliochuja, mwambie muuguzi. (Wapo watu, hasa wanaume, waliozaliwa hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Hao huwa hivyo siku zote, kwa macho yote mawili, na si wagonjwa.)

Anayetumia dawa za kifua kikuu asome hapa kwa makini. Moja ya dawa hizo, ethambutoli, inaweza kwa watu wachache kuudhuru mshipa wa fahamu wa macho, na mara nyingi dalili ya kwanza ni nyekundu na kijani kupoteza nguvu. Hatari huongezeka kwa mwenye ugonjwa wa figo. Kwa kuwa dawa hii kwa kawaida hugusa macho yote mawili, kulinganisha jicho na jicho hakutoshi. Mwombe mtu wa nyumbani atazame kifuniko hicho hicho na mlinganishe mnavyokiona. Ukiona tofauti, usisingizie uchovu wa kazi, na usingoje tarehe yako ya kuchukua dawa. Nenda leo ukamweleze muuguzi. Yeye ndiye atakayesema dawa ipi isimamishwe, kwani ukiziacha zote mwenyewe kifua kikuu kitarudi kikiwa kigumu zaidi. Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni jambo jingine: unatokana na rifampisini na hauna shida.

Mwenye kisukari anayetetemeka, kutoka jasho baridi na kuona ukungu baada ya kazi apewe sukari au soda tamu haraka, kama bado anaweza kumeza. Mama mjamzito anayeona vimulimuli au ukungu pamoja na kuumwa kichwa asingoje hata saa moja. Anayezimia akiwa katikati ya mbio, au anayebanwa kifua, apelekwe kupimwa moyo. Na yule ambaye rangi zinampotea kwa kazi ndogo tu, kama kufagia au kupanda hatua chache, huenda ana upungufu wa damu, hasa mama aliyejifungua karibuni.

Siku Bila Magari, ambayo Kigali imeifanya baadhi ya Jumapili tangu mwaka 2016, imekuwa pia nafasi ya watu kupimwa presha na sukari bure. Kambini, anzia kwa mhudumu wa afya wa jamii au zahanati ya kambi; ikihitajika watakuandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya.

Ukifika, mweleze muuguzi: ni jicho moja au yote mawili, ilichukua dakika ngapi, ulikuwa unafanya nini, ulikula saa ngapi. Chukua pakiti za dawa zote unazotumia, hata za kienyeji, na kama unavaa miwani, nenda nayo.