Mfalme Asiye Mtu: Jina la Kinnara Miongoni mwa Watawa Wapiganaji wa Shaolin

Nyumba ya watawa ya Shaolin, iliyo kwenye Mlima Song katika jimbo la Henan, Uchina, haihitaji kujulishwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Filamu zimekwisha kuifanya kazi hiyo, hasa ile ya mwaka 1982 iliyomtangaza Jet Li, na hata mtoto asiyejua Uchina iko upande gani wa dunia anajua kwamba watawa wa Shaolin hupigana. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba wakati mmoja watawa hao, walipotaka kueleza asili ya ustadi wao wa kupigana kwa gongo, hawakumtaja mwalimu yeyote wa kibinadamu. Walimtaja Jinnaluo, mfalme wa jamii ya viumbe ambao katika India ya kale waliitwa Kinnara. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jina hilo lilivyosafiri kutoka lugha hadi lugha, kazi liliyoifanya katika maisha ya shirika hilo la watawa, na tatizo litakalomkabili yeyote atakayetaka kulitia katika Kiswahili.

Yafaa kwanza kuiondoa dhana moja. Wengi hudhani kwamba Bodhidharma, mtawa aliyetoka ng'ambo, ndiye aliyewafunza watawa wa Shaolin kupigana. Dhana hiyo imetokana na Yijin jing, kitabu cha mazoezi ya viungo kilichotungwa katika karne ya 17 na kupewa dibaji ya uwongo inayojidai kuwa ya karne ya 7. Hadithi ya Jinnaluo imeitangulia.

Shaolin ilianzishwa karibu na mwaka 496, Mfalme Xiaowen alipomjengea makao mtawa mmoja mgeni aliyeitwa Batuo. Mwaka 621 watawa wake walimsaidia Li Shimin, aliyekuja kuwa mfalme mkuu wa nasaba ya Tang, katika vita vyake dhidi ya Wang Shichong. Jiwe la kumbukumbu la mwaka 728 linawataja watawa kumi na watatu waliotambuliwa kwa tendo hilo, na mmoja wao, Tanzong, alipewa cheo cha jemadari. Jiwe halielezi walipigana kwa mtindo gani. Baada ya hapo habari za mapigano zinapungua kwa karne nyingi, mpaka katika karne ya 16, ambapo watawa waliajiriwa na serikali kupigana na maharamia wa pwani walioitwa wokou. Katika kiangazi cha mwaka 1553, watawa wapatao 120 waliwashinda maharamia hao huko Wengjiagang. Habari za vita hivyo hazikufichwa wala kupambwa: imeandikwa kwamba mtawa mmoja alimuua kwa gongo la chuma mke wa haramia aliyekuwa akijaribu kutoroka.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Amri ya kwanza ya dini ya Buddha, inayomfunga hata muumini wa kawaida, ni kutoua kiumbe chenye uhai. Mtawa hufungwa zaidi ya hapo: Fanwang jing, maandiko yaliyoheshimiwa sana Uchina, yanamkataza hata kuweka silaha. Gongo lilikuwa na nafuu kidogo, kwa kuwa mtawa msafiri aliruhusiwa kuwa na fimbo mkononi, na fimbo haihesabiwi kuwa upanga. Lakini nafuu hiyo haimfikii mwanamke aliyeuawa Wengjiagang. Shirika lililokula kiapo cha kutoua, nalo linaua, hapana budi lijieleze kwa namna fulani, kwa wengine na kwa nafsi yake.

Maelezo yaliyotolewa na Shaolin yamo katika hadithi iliyochongwa kwenye jiwe la mwaka 1517. Hadithi yenyewe imewekwa mwaka 1351, wakati Waasi wa Vilemba Vyekundu walipoinuka kuiangusha nasaba ya Yuan. Waasi waliizingira nyumba ya watawa. Jikoni alikuwamo mtumishi mmoja mnyonge, nywele zake zimetimka, kazi yake kutia kuni mekoni. Alitoka nje ameshika fimbo yake ya kuchochea moto, akakua mpaka akasimama juu ya milima, na waasi walipomwona walitimua mbio. Naye akatoweka. Ndipo watawa walipotambua kwamba aliyekuwa akiwapikia hakuwa mtu. Katika kitabu cha mapigano ya gongo kilichoandikwa mwanzoni mwa karne ya 17 na Cheng Zongyou, ambaye alikaa Shaolin miaka zaidi ya kumi akijifunza, mpishi huyo ni Jinnaluo, naye ndiye asili ya ustadi wa gongo. Fimbo ya jikoni imekuwa silaha ya shirika zima.

Kihistoria, mambo yaelekea kuwa kinyume. Meir Shahar, katika kitabu chake cha mwaka 2008 juu ya Shaolin, ameonyesha kwamba kumbukumbu za makaburi za wakati ule zinaashiria kuwa waasi waliishambulia nyumba hiyo na watawa wakatawanyika. Kama ni hivyo, hadithi ya ushindi ilizaliwa kutokana na ushinde. Hilo si ajabu kwa mtu aliyezoea tendi.

Sasa na liulizwe: Kinnara ni nani? Katika maandiko ya Kibuddha wao ni moja ya jamii nane za viumbe wanaokuja kuyasikiliza mafundisho ya Buddha, pamoja na nāga, ambao ni majoka, na yakṣa, garuḍa na wengineo. Katika Sutra ya Yungiyungi, iliyotiwa katika Kichina na Kumārajīva mwaka 406, wafalme wanne wa Kinnara wanatajwa katika mkutano wa mwanzo, kila mmoja na umati wa wafuasi wake. Umbo lao hubadilika kutoka nchi hadi nchi: mahali pengine ni mtu mwenye kichwa cha farasi, na katika Asia ya Kusini-Mashariki ni nusu mtu nusu ndege. Tabia yao, hata hivyo, haibadiliki sana. Ni waimbaji na wapiga ala. Ni wapenzi waaminifu, mke na mume wasioweza kutengana hata usiku mmoja. Mfalme wao Druma alipopiga kinanda chake mbele ya Buddha, wanafunzi wazee na wenye heshima zao walishindwa kujizuia, wakainuka kucheza. Vita si sifa yao.

Imekuwaje basi taifa la wanamuziki lizae mlezi wa wapiganaji? Jibu moja ni la kifonetiki, nalo litawavutia wanaoshughulika na maneno ya mkopo. Shaolin ilikuwa na mungu mwingine wa nguvu, wa zamani zaidi, aitwaye Vajrapāṇi, ambaye Wachina walimjua pia kwa jina la Nārāyaṇa. Nārāyaṇa likitamkwa Kichina huwa Naluoyan. Kinnara huwa Jinnaluo. Silabi mbili za majina hayo, na-luo, ni zilezile, na kwa Mchina asiyejua Kisanskriti silabi hizo hazikuwa na maana yoyote ya kuzitenganisha. Neno la kigeni likishapoteza mofolojia yake huwa kama mtu aliyepoteza kitambulisho: huweza kupewa ukoo wowote. Inaelekea kwamba sifa za mwenye nguvu zilihamia kwa mwimbaji kwa njia hiyo.

Lakini ajali ya sauti haitoshi kueleza kwa nini jina hilo lilidumu. Hapo ni lazima kuitazama maana yake. Kinnara ni kim na nara: kim ni neno la kuulizia, nara ni mtu. Jina zima ni swali: "Mtu gani huyu?" au "Je, ni mtu?" Wafasiri wa Kichina walilijua jambo hilo. Wao walimweleza Jinnaluo kuwa "mungu wa shaka", mwenye sura ya binadamu lakini ana pembe moja kichwani, hata amwonaye asiweze kukata shauri kama ni mtu ama si mtu.

Sasa, swali hilohilo lina mahali pake rasmi katika sheria ya utawa. Maandiko ya Kipali yanasimulia kwamba nāga mmoja, akichukia hali yake ya ujoka, alijigeuza kijana akapokewa utawani. Usiku, alipolala, umbo lake halisi likarudi na kukijaza chumba, na mwenzake akapiga yowe. Buddha akaamua kwamba asiye mtu hawezi kuwa mtawa; na tangu hapo kila anayeomba kupokewa huulizwa, miongoni mwa maswali mengine, "Je, wewe ni mtu?" Asiyeweza kujibu "Ndiyo" hapokewi.

Mfalme Jinnaluo, ambaye jina lake ni swali hilo lenyewe, hangeweza kulijibu. Kwa hiyo hakuwa mtawa, ingawa alikaa na watawa, akala nao na kuwapikia. Na kama hakuwa mtawa, gongo alilolishika halikuvunja nadhiri ya mtawa yeyote. Hakuna andiko la Shaolin linalolisema jambo hili waziwazi, na huenda hakuna mtawa aliyewahi kulifikiri kwa mpango huu. Hata hivyo, yako masimulizi mengine ya mkondo uo huo. Zhang Zhuo, mwandishi wa zama za Tang, anasimulia habari za Sengchou, mtawa wa Shaolin aliyeonewa ujanani kwa udhaifu wake. Alimwomba Vajrapāṇi ampe nguvu. Mungu akamtokea na bakuli la mishipa ya nyama, akamwamuru ale. Sengchou akakataa, maana mtawa hali nyama. Mungu akamtisha kwa silaha yake mpaka akala, na akapata nguvu za ajabu. Mwiko umevunjwa, lakini aliyeuvunja si mtawa. Kiumbe asiye mtu ameuchukua mzigo.

Ulinganisho na Japani unasaidia, mradi usipanuliwe mno. Huko nako kuna viumbe wenye mabawa, tengu, wanaosemekana kumfunza Minamoto no Yoshitsune upanga katika Mlima Kurama. Lakini Wajapani mara nyingi waliupeleka mfano upande mwingine. Michoro ya Tengu zōshi ya mwaka 1296 inawaonyesha watawa wenye majivuno wa mahekalu makuu kuwa ndio waliogeuka tengu. Uchina, asiye mtu alimkinga mtawa na lawama. Japani, mtawa aliyelaumiwa alinyang'anywa utu.

Linabaki suala la Kiswahili. Mfasiri wa haraka ataandika "jini". Neno hilo halifai. Katika itikadi ya pwani jini ana sheria: yuko jini Mwislamu na yuko jini kafiri, na wote wataulizwa matendo yao siku ya hesabu kama binadamu. Kumwita Jinnaluo jini ni kuurudisha mlangoni mzigo ambao hadithi nzima ilikusudia kuuondoa. "Zimwi" nalo ni baya zaidi, kwani zimwi hula watu, na Kinnara hula pamoja nao.

Mfasiri mwangalifu ataona afadhali aliswahilishe jina lenyewe, na hapo atakutana na jambo la kuchekesha. Kinnara, likipoteza n moja kama ilivyo desturi, litakuwa "kinara", na kinara ni neno tunalo. Kinara ni kifaa cha kusimamishia mshumaa. Kinara vilevile ni kiongozi, aghalabu wa kundi la ugomvi au la siasa, na magazeti ya Kenya hulitumia kila siku. Akitaka kulikwepa kwa kufuata tahajia ya pili ya wataalamu, "kimnara", msomaji ataona mnara mdogo. Na mfalme wa Shaolin alisimama juu ya milima kama mnara, akawa mbele ya kundi katika vita! Kilichotokea Henan kati ya Naluoyan na Jinnaluo kingeweza kutokea Mombasa au Nairobi kwa urahisi uleule, na baada ya vizazi viwili wangekuwapo wa kuapa kwamba maana hiyo ndiyo ya asili.

Hata hivyo, ngeli ambayo jina hilo lingeangukia haina ubaya. Ngeli ya KI-VI imewabeba tangu zamani viumbe walio ukingoni mwa utu: kizuka, kiumbe, na hata kipofu na kiziwi, ambao lugha, pasipo huruma, iliwatoa katika M-WA kwa ajili ya upungufu wao. Wote hao wana umbo la kitu na upatanisho wa mtu: "kizuka ametokea", si "kimetokea". Kiambishi kinatia shaka, kitenzi kinakubali. Ukisema "kinara alitoka jikoni, vinara walikimbia", sarufi ya Kiswahili itakuwa imeuliza swali la kim-nara bila kulijibu, na "jini" haliwezi kufanya hivyo kwa nguvu iyo hiyo. Kwa sababu hiyo lipo la kusemwa kwa kuiacha n maradufu katika maandishi, Kinnara, ili jicho litofautishe, na kuziacha ngeli na upatanisho vifanye kazi yao kimya kimya.

Ukumbi wa Jinnaluo uliteketea mwaka 1928, jemadari Shi Yousan alipoichoma Shaolin, ukajengwa upya baadaye. Katika nyumba nyingi za watawa nchini Uchina bado anaheshimiwa, lakini si kama shujaa wa vita. Huwekwa jikoni, mlinzi wa chakula kisicho na nyama.