Awa, Jarida la Akina Mama wa Dakar

Jina Awa kwa watu wa Senegal ndilo Hawa letu sisi Waswahili, mama wa wanadamu wote. Ndilo walilolichagua akina mama wa Dakar mwezi wa Januari, 1964, walipotoa jarida lao la Kifaransa na kuliita kwa ukamilifu “Awa, jarida la mwanamke mweusi”.

Kiongozi wao alikuwa Bibi Annette Mbaye d’Erneville, mzaliwa wa Sokone, mwaka 1926. Alisomea ualimu katika chuo cha wasichana cha Rufisque, kilichofunguliwa mwaka 1938 kwa ajili ya makoloni yote ya Ufaransa katika Afrika Magharibi. Baadaye alikwenda Paris, akajifunza kazi ya redio, kisha akarejea nyumbani kuitumikia redio ya nchi yake.

Ndani ya Awa mlikuwa na mapishi, mitindo ya mavazi na malezi ya watoto. Kurasa za namna hiyo, ndugu msomaji, tunazijua. Lakini kando yake palichapishwa mashairi na hadithi, pamoja na habari za wanawake walioingia katika kazi zilizodhaniwa kuwa za wanaume tu. Barua za wasomaji nazo zilipewa nafasi, na wanaume pia waliandika.

Jambo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba jarida hili lilikuwa mali yao wenyewe, na lilipigwa chapa papo hapo Dakar. Uhuru huo ulikuwa na gharama. Akina mama hao walikuwa na ajira zao. Waliandika baada ya saa za kazi, bila ujira. Mtaji ulikuwa mdogo. Na tusifiche: mama muuza samaki wa Soumbédioune, kama wenzake wengi, hakufundishwa kusoma Kifaransa, basi wanunuzi walikuwa wachache tangu mwanzo.

Jarida lilinyamaza kwa miaka kadhaa, likarudi mwaka 1972, likakoma mwaka 1973. Mwaka huo wa 1972 lilikuwa limezaliwa jarida jingine la wanawake, Amina, lililotolewa na kampuni ya Wafaransa yenye fedha. Hilo liliishi kwa miongo mingi.

Bibi Annette hakukaa kitako. Mwaka 1994 jumba la makumbusho ya wanawake aliloliasisi, lenye jina la Henriette Bathily, lilifunguliwa katika kisiwa cha Gorée. Nakala za Awa, zilizokuwa zimetawanyika, zilikusanywa na kuwekwa katika intaneti, ambako sasa zasomwa bila malipo.